Dakika Kumi na Sita Bila Mpira

Kiwanja cha kikapu nilichokitumia kufundishia vijana pale Upanga, Dar es Salaam, kilikuwa cha saruji, na kwa kuwa kila badiliko la sheria lilikuja na rangi yake, na rangi ya zamani haikuwa na wa kuifuta ila jua na mvua, mtu mwenye subira aliweza kuinama akaisoma tarehe ya mchezo huu chini ya miguu yake. Palikuwa na mabaki ya lile eneo la chini ya goli lililopanuka kadiri lilivyoukaribia mstari wa mwisho, ambalo FIBA, shirikisho la dunia la mpira wa kikapu, ililiweka mwaka 1956 na kuliondoa mwaka 2010. Palikuwa na tao la pointi tatu la mwaka 1984, mita 6.25 kutoka golini. Na nje yake tao jipya la mita 6.75, jeupe zaidi, lililochorwa kwa mkono usiotulia na kwa hiyo limefanya kitumbo upande wa kushoto. Nimefundisha juu ya mistari yote hiyo. Walakini badiliko kubwa kuliko yote niliyoyaona katika kuwafundisha watoto kushambulia halikuhitaji rangi wala brashi, na hata tarehe yake ni muhali kuitaja, kwa maana lilikuja kidogo kidogo, na sehemu yake kubwa lilipitia kwa watu ambao sisi wa kikapu hatukudhani kuwa wana la kutufunza.

Mimi nilianza kucheza Unguja, katika skuli iliyokuwa na kiwanja kizuri na mpira mmoja. Nautaja uchache huo mapema kwa sababu mengi yanayofuata yametokana nao. Maalim wetu wa michezo, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa nidhamu na wa chaki: alituketisha kivulini, akachora nusu ya kiwanja ubaoni, akampa kila mmoja wetu namba kuanzia 1 hadi 5, kisha akachora mishale. Namba 1 ndiye mwenye kuuleta mpira. Namba 2 na 3 ni wa pembeni. Namba 4 ni msaidizi wa kila mtu na bwana wa hapana kitu. Na namba 5, ambaye aghalabu alikuwa ni yule barobaro aliyewapita wenzake kwa kimo, hakuwa na kazi ila kusimama karibu na goli, kuinua mkono, na kungoja riziki yake. Mipango ile ya kushambulia ilipewa majina ya matunda ili wapinzani wasitufahamu, na mpaka leo nikimsikia muuzaji wa Darajani akiita "Shokishoki!" miguu yangu hutaka kwenda kona ya kulia, kuzunguka nyuma ya namba 4, na kutokea mbele ya goli mikono imenyooshwa.

Ilikuwa elimu ya kuhifadhi, nasi tuliihifadhi barabara, kwa kuwa tulikuwa watoto tuliozoea kuhifadhi mambo mengi tusiyoambiwa maana yake. Taksiri yake ilikuwa moja, nayo ni kwamba walinzi wa skuli nyingine hawakuhudhuria masomo ya maalim wetu. Mmoja wao akisimama mahali ambapo mshale ulitakiwa kupita, mambo yote yaliharibika. Namba 1 aliinua mkono, sote tukarudi tulikotoka, na tunda lilelile likaanza kumenywa upya. Sheria ya kuilazimisha timu irushe mpira golini kabla ya sekunde 30 kwisha ilikuwapo duniani tangu mwaka 1956, lakini kwetu hapakuwa na saa ya kuihesabia wala mtu aliyejali kuihesabu, kwa hiyo shambulio moja liliweza kuendelea mpaka watazamaji wakaanza kuzungumza habari zao. Wale wanne wasio na kimo tulimaliza mchezo tumekimbia sana, tumetoa pasi nyingi, na hatukupata kufikiri hata mara moja.

Lakini insafu inanilazimu niseme kwamba mtu mwenye vijana 40 na mpira mmoja hana tadbiri nyingi. Kulenga goli kwataka mipira. Kudundisha kwataka mipira. Hata pasi zataka mipira. Mishale peke yake ndiyo isiyotaka kitu. Vijana 40 waweza kuwapanga foleni, watano watano, wakapita njia zao mikono mitupu, wakajiona kuwa wamefanya mazoezi na wakawa kweli wamefanya. Nimesoma baadaye maandishi ya watu wa Ulaya na Marekani wakiicheka namna hii ya ufundishaji, na kila nilipoyasoma nilitamani kuwauliza kila mwandishi alikuwa na mipira mingapi.

Nilipohamia Dar es Salaam, na juu ya kazi yangu ya ofisini nikapewa dhamana ya kuwafundisha vijana wa mtaa jioni, nilivuka bahari na matunda yangu yote. Hapo tulikuwa na mipira mingi kidogo, na vijana walikuwa wajuba zaidi, wenye kuuliza. Mstari wa pointi tatu ulipowekwa mwaka 1984, kwetu rangi ilichelewa, na hata ilipofika haikuwabadili watoto kama ilivyowabadili wakubwa. Mtoto wa miaka 12 hana nguvu ya kuutoa mpira mita 6.25 ila kwa kuuanzia mpira kiunoni na kuruka pamoja nao, na akifanya hivyo mara nyingi mkono wake huzoea upotofu ambao hautoki kwa urahisi hata akiwa mtu mzima. Kilichonivutia katika mstari ule ni jambo jingine: kwamba umbali wa goli ulikuwa umepewa thamani, na kwa hiyo mlinzi hakuweza tena kukaa karibu na pete ya chuma akingoja watu wamjie. Kwa wakubwa eneo lilifunguka. Mimi nilitazama nikaona kuwa kwa watoto wangu halikufunguka hata kidogo, maana watoto wakiachwa na mpira mmoja hukusanyika palipo na mpira, na walinzi wao huja nao, na watu kumi wakasimama mahali panapotosha watu wanne.

Kisha ikaja televisheni. Unguja tulikuwa nayo tangu miaka ya 1970, bali Bara ilingoja hadi mwaka 1994, na kabla ya hapo mwenye deki na kanda za video alikuwa mtu wa kutembelewa. Michezo ya Olimpiki ya Barcelona ya mwaka 1992 na ubingwa wa Chicago, ambao timu ile iliutwaa mara tatu mfululizo tangu 1991 na mara tatu nyingine tangu 1996, viliwafikia vijana wetu kwa kanda zilizokwisha kuchakaa kwa kupita mikononi, na baada ya hapo hapakuwa na mtoto katika kiwanja changu aliyetaka kuitwa namba. Kila mmoja alikuwa Michael Jordan, nyota wa Chicago. Kila mmoja aliupokea mpira, akaudundisha kati ya miguu yake, akatoa ulimi, na akaenda peke yake kuwakabili watu wawili au watatu, ilhali wenzake wanne wamesimama mikono viunoni wakimtazama kwa husuda na kungoja zamu yao ya kufanya vilevile.

Ajabu ya mambo ni kwamba timu waliyoiiga ilikuwa katika timu ambazo wasio na mpira walifundishwa kwa bidii kubwa. Mzee Tex Winter, aliyekuwa msaidizi wa Phil Jackson pale Chicago, alikuwa amekwisha kuandika kitabu juu ya shambulio lake la pembetatu tangu mwaka 1962, na muhtasari wake ni huu: wachezaji watatu hujipanga upande mmoja wa kiwanja kwa umbo la pembetatu, wawili hubaki upande wa pili, na hapana mpango unaoitwa kwa jina, mwenye mpira hutazama mlinzi amezuia nini, akatoa alichoachiwa, na wenzake husogea kwa mujibu wa pasi aliyoitoa. Jordan alikuwa mmoja wa watano. Lakini jicho la mtoto humfuata mwenye mpira, na kamera nayo ina jicho la mtoto.

Nilijaribu dawa. Nilikata kipande cha karatasi ngumu, nikawa nakisogeza juu ya kioo cha televisheni ya chogo nyumbani kwangu, nikimfunika mwenye mpira kila alipokwenda, ili vijana waliojaa sebuleni wawatazame wale wanne waliobaki. Mkono wangu haukuwa na mbio za kumfuata mtu yule, na kelele zilikuwa nyingi. "Mwalimu, unatuzibia Jordan!" Mke wangu aliyekuwa jikoni alidhani tumeharibu deki. Hata hivyo wawili au watatu miongoni mwao walianza kuona, na mmoja akaniuliza swali ambalo mimi katika ujana wangu sikupata kumwuliza maalim wangu: "Huyu wa kona mbona anakimbia na hapewi?" Nilimjibu kuwa anakimbia ili mlinzi wake aondoke pale. Akanyamaza kidogo, akasema kwamba basi kazi yake ni ngumu kuliko ya Jordan, maana yeye hashangiliwi.

Miaka hiyohiyo kiwanja cha mpira wa pete cha shule moja ya jirani kilirundikiwa matofali na mchanga wa ujenzi, na mwalimu wao, bibi mmoja mwenye sauti ya chini na filimbi kali, akaja kuomba hifadhi kwetu. Nilimpa nusu ya kiwanja kwa jioni zake. Kwa muda tulifundisha bega kwa bega bila ya kuingiliana, mimi na wavulana wangu waliodundisha, yeye na wasichana wake wasioruhusiwa kudundisha hata mara moja, mpaka jioni moja aliposimama kando ya mstari akawatazama watu wangu kwa muda mrefu, akaniambia, "Mwalimu mwenzangu, hawa vijana wako wanaungoja mpira kama watu wanaongoja daladala kituoni. Kila mmoja kasimama, na kila mmoja anadhani lijalo ni lake."

Nikamwuliza, kwa kuumia kidogo, "Na wako, dada, wanafanyaje?"

"Wangu hawana nafasi ya kungoja. Mwenye mpira ana sekunde 3. Wenzake wasipojifungua, mpira umekwenda."

Tukakubaliana kuwachezesha. Watano wake na watano wangu, goli letu la kikapu, sheria zetu zote isipokuwa moja: hapana kudundisha. Matokeo siyataji, kwa heshima ya wavulana wale ambao sasa ni baba za watu. Nilichokiona ndicho ninachokikumbuka. Wavulana wangu, walipokatazwa kudundisha, walikuwa hawana la kufanya ila kuushika mpira juu ya kichwa na kuwaita wenzao kwa hasira. Na wasichana, ambao wengi wao hawakuwa wamepata kurusha mpira kwenye goli lenye ubao, walitoa pasi na kuondoka, wakatoa na kuondoka, mmoja akikimbilia golini, mwenzake akiijaza nafasi aliyoiacha, wa tatu akienda mbali kwa makusudi ili mlinzi amfuate, mpaka mpira ukafika chini ya goli mikononi mwa mtu asiye na mlinzi. Walikosa goli mara nyingi. Nafasi hawakukosa.

Baadaye nilimwomba anieleze anawafundishaje, naye akanieleza tukiwa tumekaa kwenye benchi la mbao, kwa maneno machache yaliyonifaa kuliko vitabu vyangu. Mlinzi, alisema, ana shingo moja. Akikutazama wewe hauoni mpira, na akiutazama mpira hakuoni wewe; basi usikimbie ovyo, mtazame yeye, na shingo yake ikigeuka, nenda. La pili, ukitaka kuupokea mpira mahali, usisimame mahali hapo ukaungojea. Ondoka hapo kwanza, mchukue mlinzi mbali, kisha rudi peke yako. La tatu, ukiutoa mpira usisimame kuitazama pasi yako kwa fahari, kwa kuwa mlinzi wako naye anaitazama, na huo ndio wakati wake wa kughafilika.

Hayo yote ni maarifa ya kikapu, na mtu akitaka kustaajabu kwa nini yamehifadhiwa na mpira wa pete, na akumbuke asili ya michezo hii miwili. James Naismith alipokitundika kikapu cha mapichi pale Springfield, Massachusetts, mwezi wa Desemba 1891, aliandika sheria 13, na hapana katika hizo iliyozungumzia kudundisha. Mchezaji alitakiwa kuutupa mpira kutoka pale alipoudakia, bila kukimbia nao. Kudundisha kulizuka baadaye kwa hila za wachezaji, kukakubaliwa, kukatukuzwa. Mchezo uliovuka bahari kwenda Uingereza na kufanywa mpira wa pete kwa ajili ya wanawake uliikataa hila hiyo, na kwa hiyo wasichana wa mtaa wetu, katika sketi zao za mazoezi, walikuwa karibu na Naismith kuliko vijana wangu waliovaa fulana za Chicago.

Tangu hapo mazoezi yangu yaligeuka. Matunda niliyaacha, isipokuwa moja kwa ajili ya mpira wa kuingiza kutoka pembeni, na mahali pake nikaweka kanuni chache ambazo mtoto aweza kuzibeba kichwani akicheza. Watano wote hukaa nje, mmoja katikati mbele ya goli, wawili mabawani, wawili kwenye kona, na baina ya mtu na mwenzake pawepo mita 4 hivi, ili mlinzi mmoja asiweze kuwazuia wawili. Ukitoa pasi, kata kwenda golini. Ukikata usipate, toka nje kwenye kona iliyo tupu, na walio nyuma yako wasogee kujaza. Mlinzi wako akiingia kati yako na mpira ili usiupate, usishindane naye. Pita nyuma yake kwenda golini, na mpira ukufuate huko. Basi. Hapana namba, na mrefu huzunguka pamoja na wafupi, leo yuko kona, kesho yuko katikati akileta mpira, akipoteza, akijifunza.

Tulianza kwa watatu dhidi ya watatu, kwa sababu katika watano mvivu ana pa kujificha. Kila siku palikuwa na kipindi cha kucheza bila kudundisha kabisa, kisha kipindi cha kudundisha mara moja tu baada ya kupokea, na mwisho waliachiwa huru, na wengi wao, wakiisha kuachiwa, hawakudundisha ila penye haja. Mimi mwenyewe nilipunguza sauti. Zamani nilikuwa nikipiga kelele za "Nenda kulia! Rudi! Mpe huyo!" na sasa nilipuliza filimbi, wote wakaganda walipo, nikamwuliza mmoja: mlinzi wako anatazama wapi? Swali hili linachosha kuliko amri, na jioni za mwanzo zilikuwa na fujo ambayo mgeni angedhani ni uzembe wa mwalimu. Watoto watatu walikata kwa wakati mmoja wakagongana chini ya goli. Kona zikabaki tupu. Pasi zikaenda kwa watu waliokwisha kuondoka. Mipango ya chaki huonekana mizuri tangu siku ya kwanza. Kanuni hupendeza baadaye, na kocha anayetaka kombe la mwezi ujao hana sababu ya kuzipenda.

Wazazi ndio waliokuwa wagumu. Baba mmoja, mtu wa heshima zake, alinifuata hadi getini akalalamika kwamba mwanawe amecheza mchezo mzima na mpira ameugusa kidogo tu. Nilimwonyesha hesabu niliyokuwa nimeifanya kwa ajili ya watu kama yeye. Mchezo wa wakubwa una dakika 40. Tuseme mpira uko kwetu nusu yake, yaani dakika 20, na tuseme watano wanagawana kwa haki isiyopatikana duniani. Kila mmoja atakuwa nao dakika 4. Zinabaki dakika 16 ambazo timu yake inashambulia na yeye mikono yake ni mitupu. "Nikimfundisha mwanao zile 4 peke yake," nilimwambia, "hizo 16 nani atamfundisha?" Aliitafakari hesabu ile, akakiri kuwa ni sahihi, kisha akaniuliza kama haiwezekani mwanawe apewe walau dakika 6.

Mwaka 2000 FIBA iliigawa michezo katika robo nne za dakika 10, ikaipunguza saa ya kushambulia kutoka sekunde 30 hadi 24, na ikatoa sekunde 8 badala ya 10 za kuuvusha mpira nusu ya kiwanja. Wamarekani walikuwa nazo hizo 24 tangu mwaka 1954, kwa hesabu ya Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse, aliyezigawa sekunde 2,880 za mchezo wao kwa marusho 120 aliyoyaona kuwa ndiyo kiasi cha mchezo unaopendeza. Kwetu palipatikana mstaafu mmoja mwenye saa ya kusimamisha kwa kidole na sauti ya mnadi, naye alikaa mezani akihesabu kwa nguvu kuanzia kumi kurudi chini. Mashambulio ya kurudi tulikotoka na kuanza upya yalikufa wakati wake, hata kwa makocha waliokuwa bado na matunda yao. Mimi niliona faraja, nakiri, kuona sheria imekuja kunisaidia hoja.

Lililofuata halikunisaidia. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, mwenye kimo cha mita 2.21, aliitwa wa pili katika uteuzi wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, na timu ya Memphis, akawa Mtanzania wa kwanza kuifikia ligi ile. Fahari ya nchi ilikuwa ya haki, nami nilikuwa nayo. Lakini baada ya hapo mtoto yeyote mtaani aliyegonga kichwa kwenye kizingiti aliletwa kwangu kwa mkono, na aliyemleta alitaka jambo moja, kijana asimamishwe chini ya goli, afundishwe kudaka na kufunga. Kwa rai yangu hapana mtoto anayedhulumiwa katika mchezo huu kama mrefu wa miaka 12. Anawekwa mahali pamoja, hafundishwi kutoa pasi wala kuona kiwanja, anashinda kwa sababu wengine hawajakua. Kisha wengine wanakua, yeye anasimama hapo alipofikia, na akiwa na miaka 17 ni mtu wa kimo cha kawaida asiyejua kazi ya mtu wa kimo cha kawaida. Wala hoja ya kumharakisha mrefu haikuwa na msingi, kwa kuwa Thabeet mwenyewe alianza kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Warefu wangu niliendelea kuwatoa nje ya tao, na baadhi yao walihamishwa kupelekwa kwa makocha wenye akili zaidi.

Siku hizi sina timu. Naenda kutazama, na kwa hisani ya mwenye timu napewa filimbi siku mojamoja. Mwenye timu ni mmoja wa wale wasichana wa mpira wa pete, sasa mama wa watoto wawili na kocha mwenye cheti, anayekuja na kishikwambi na kuwaonyesha vijana sura zao wenyewe zikicheza. Tunapatana katika mengi. Sote hatupendi zoni, yaani ulinzi ambao kila mlinzi hulinda eneo badala ya mtu, kwa watoto wadogo, kwa sababu watoto wasio na nguvu ya kutupa mpira mbali hawana jibu lake, na ushindi unaopatikana hivyo haumfundishi kitu mlinzi wala mshambuliaji. Tulifurahi kuona mwongozo wa NBA na shirikisho la kikapu la Marekani wa mwaka 2018 ukiikataza zoni kwa watoto wasiofika miaka 12, ukiwapa mpira mdogo na goli lililoshushwa, na kuwaondolea pointi tatu. Goli kulishusha hatuwezi, maana letu limechomelewa kwenye nguzo yake mita 3.05 juu na aliyelichomelea hakudhani litaguswa tena. Mpira mdogo tunao.

Ikhtilafu yetu ni juu ya kizuizi. Yeye huwafundisha wa miaka 13 kumwekea kizuizi mlinzi wa mwenye mpira, kisha mwekaji ageuke aende golini, hila ambayo wakubwa wa dunia nzima wanaicheza kuliko nyingine yoyote; mimi nasema kizuizi huwaleta watu wanne mahali pamoja, huwarudisha watatu wengine katika kutazama, na huuweka mpira tena mikononi mwa mmoja anayedundisha. Jioni iliyopita nilimkumbusha ya mwalimu wake, kwamba mlinzi ana shingo moja. Alicheka, akanifungulia kishikwambi, akanionyesha walinzi wa timu tuliyocheza nayo wamesimama mgongo umelielekea goli, nusu huku nusu kule, wanamwona mtu na wanauona mpira kwa pamoja.

"Mwalimu, hawa nao wamefundishwa. Shingo hawageuzi tena. Lazima niwape kitu cha kuwageuza."

Nilizitazama picha zile mara mbili, nikamwomba arudishe mwanzo. Kisha nikamwambia basi angoje watoto wafike miaka 15. Akasema 13. Nikashuka hadi 14, naye hakupanda.